Kuomba mwaka wa mafunzo ya wahadhiri wapya wa hisabati: somo kwa walioko nyumbani na ughaibuni

Asalaam alaykum. Somo hili nawaandikia kwanza ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliomaliza uzamivu (PhD) wa hisabati nje na kuajiriwa kufundisha huko huko Marekani. Halafu nawaandikia walioko nyumbani, wawe SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) Tunguu, Chukwani au kule Mchangamdogo. Milango yao ni mingine, lakini maandishi yanayotakiwa yanafanana sana.

Mlango ninaouzungumzia unaitwa Project NExT. Ni mpango wa MAA, jumuiya ya hisabati ya Marekani inayojishughulisha zaidi na ufundishaji wa vyuoni. Ulianza mwaka 1994, waasisi wake wakiwa James Leitzel na Christine Stevens. Mtu anapewa uzamivu kwa kuthibitisha nadharia ambayo pengine watu ishirini tu duniani wanaielewa, kisha anakabidhiwa darasa la watoto wa mwaka wa kwanza wasiojua kujumlisha sehemu. Hakuna aliyemfundisha kutunga mtihani, kumjibu mwanafunzi anayelia ofisini, kuomba fedha za utafiti wala kukaa kwenye kamati bila kulala. Mpango huu unashughulikia mambo hayo, kwa mwaka mzima.

Wanaochaguliwa huanza kwa warsha wakati wa kiangazi, sambamba na MathFest, mkutano wa MAA wa kila kiangazi. Januari wanakutana tena kwenye mkutano mkubwa wa pamoja wa wanahisabati, na kiangazi kinachofuata wanarudi MathFest kumalizia. Kati ya hapo kila mmoja ana mhadhiri mkongwe wa kumuuliza, na kuna kundi la mawasiliano ambalo mtu anaweza kuandika saa nne za usiku kwamba mtihani wake wamefeli watu thelathini, na kabla ya asubuhi akajibiwa na watano yaliyowafika hayo hayo. Kila kundi la mwaka lina rangi yake, kidoti kinachobandikwa kwenye kitambulisho cha mkutanoni. Miaka ishirini baadaye utawaona watu wanaitana kwa rangi, kama waliosoma chuo kimoja kwa maalim mmoja.

Hatua ya kwanza: ujue kama unastahiki

Uwe na uzamivu katika sayansi za hisabati, na uwe ndio kwanza umeingia kazini, mwaka wa kwanza au wa pili wa kazi kamili ya chuo ambayo sehemu yake kubwa ni kufundisha. Hivyo anayefanya utafiti mtupu bila darasa si mlengwa, na aliyefundisha miaka minane pia si mlengwa. Maombi kwa kawaida hufungwa mwezi wa Aprili. Soma tangazo la mwaka wako mwenyewe, usitegemee la rafiki yako aliyeomba zamani.

Hatua ya pili: nenda kwa mkuu wa idara mapema

Wengi huiacha hii mwisho. Mimi naiweka hapa makusudi, kwa sababu maombi mengi mazuri hukwama kwenye meza ya mkuu wa idara.

Mpango wenyewe hautozi ada ya kushiriki. Lakini nauli, malazi na chakula cha mikutano hiyo vinabebwa na chuo kilichokuajiri. Kwa hiyo barua ya mkuu wa idara haiombwi ili ikusifu. Inaombwa iseme mambo mawili: kwamba fedha za safari zipo, na kwamba utapewa ruhusa ya kuhudhuria mikutano yote. Barua ya kurasa mbili inayokupamba kwa uadilifu, bidii na tabia njema, bila kutaja fedha, haina kazi.

Sisi tumelelewa kuona haya. Kumwendea mkubwa wako na kumwambia "naomba chuo kinilipie" kunatutoa jasho, khasa mtu akiwa na miezi sita tu kazini. Kule jambo hili ni la kawaida kabisa, na mkuu wa idara ana fungu la kazi hiyo au anajua pa kulitafuta. Lakini mfuate kabla bajeti haijafungwa, Februari si mapema mno. Nenda na karatasi moja: mpango ni nini, mikutano ni lini na wapi, makisio ya gharama, na sentensi mbili ambazo barua yake haina budi kuwa nazo. Usimwachie akisie.

Hatua ya tatu: maelezo yako mwenyewe

Hapa tukae kidogo.

Mwombaji wa kawaida anaandika hivi: "Tangu utotoni nimeipenda hisabati. Nina ari kubwa ya kuwasaidia wanafunzi wangu wafikie malengo yao, na naamini mpango huu utanijenga kuwa mhadhiri bora." Hakuna uongo hapo, ila ukifuta jina la mwandishi ukaweka la mwengine, maneno yanabaki sawa. Msomaji wa kamati ameshayasoma asubuhi ile ile, kwenye maombi ya mtu wa Texas na ya mtu wa Ohio.

Chagua somo moja, darasa moja, tatizo moja. Tuchukue mhadhiri wa kubuni aliyewahi kuwa mkufunzi Tunguu kabla ya kwenda kusoma nje. Anaandika:

"Wanafunzi wangu waliweza kuchora wimbi la saini (sine) vizuri, lakini nilipowauliza kipindi cha wimbi, yaani muda wa mzunguko wake mmoja, kinatuambia nini, walinyamaza. Siku ya somo lililofuata niliwaletea jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya bandari ya Unguja. Nikawauliza kwa nini maji yakijaa leo saa kumi, kesho yatajaa karibu saa kumi na dakika hamsini. Wa Jambiani waliijua tabia hiyo tangu utotoni, kwa sababu mama zao hupanga kazi ya mwani kwa kupwa kwa maji. Hawakuwahi kuambiwa kwamba ile ndiyo hisabati."

Kisha anaendelea mpaka kwenye hesabu yenyewe. Wimbi la mwezi lina kipindi cha saa 12 na dakika 25 hivi, la jua lina saa 12 kamili. Mawimbi mawili yanayokaribiana namna hiyo hukubaliana, yakaachana, yakakubaliana tena. Ukikokotoa muda wa kutoka kukubaliana mpaka kukubaliana unapata karibu siku 14 na robo tatu. Hiyo ni bamvua hadi bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kutoka mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu, na katikati yake maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mvuvi wa Nungwi anajua hivyo bila kalamu. Mwanafunzi sasa anaweza kuthibitisha kwa kanuni ya kujumlisha mawimbi.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi wetu tunaiogopa: aseme kilichobaki bila ufumbuzi. "Darasa lilichangamka, lakini kwenye mtihani nusu yao walirudi kukariri kanuni bila kujua inatumika wapi. Nataka kujifunza namna ya kutunga maswali ya mtihani yanayopima uelewa huo, na namna ya kulifanya hili katika darasa la watu mia mbili." Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo zinazomfanya msomaji aone mpango una cha kumpa mtu huyu. Anayejieleza kwamba ameshajua kila kitu, atafunzwa nini?

Angalizo kwa walioko Marekani: usiweke habari za maji ya Zanzibar kwa sababu tu zinavutia wageni. Ziweke kama zimekusaidia kufundisha. Kama darasa lako la sasa lipo Kansas, ambako bahari hawaijui, eleza ulichokibadilisha.

Urefu unaotakiwa ukitajwa, uheshimu.

Hatua ya nne: wasifu na kutuma

Wasifu uwe mfupi, na masomo uliyofundisha yatangulie machapisho. Huu ni mpango wa walimu, ingawa utafiti nao una nafasi yake. Tuma siku chache kabla, maana tafauti ya saa baina ya Zanzibar na Washington ni saa nane au saba kulingana na majira yao, na aliye likizoni nyumbani anaweza kujichanganya.

Kwa walioko nyumbani

Project NExT haikulengwa kwa mhadhiri wa SUZA. Mwenzake wa karibu, kwa maoni yangu, ni mpango wa washiriki wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia na hisabati cha Trieste nchini Italia kilichoasisiwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1979. Salam aliona vijana wa nchi zetu wanalazimika kuchagua: kubaki nyumbani wakiwa peke yao, au kuhama moja kwa moja. Mpango wa washiriki unampa mwanasayansi anayefanya kazi katika nchi inayoendelea nafasi ya kwenda Trieste mara kadhaa kwa miaka kadhaa, akarudi kwenye chuo chake. Wapo pia CIMPA, kituo cha kimataifa cha hisabati cha Nice, Ufaransa, tangu mwaka 1978, ambao huandaa skuli fupi za utafiti katika nchi zinazoendelea, Afrika ikiwemo.

Ila huko uzito ni utafiti. Kwa hiyo ile aya ya darasa ifupishe, na mbinu ile ile ya tatizo moja lililoelezwa kwa ukaribu uitumie kwenye utafiti wako.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi msaidizi, nina uzamili tu. Naweza kuomba huu wa Marekani?

Marahaba, mwanangu. Hapana, uzamivu ni sharti, na mpango wenyewe umewalenga walioajiriwa huko. Lakini anza sasa kuweka daftari la darasa. Kila wiki andika swali moja la mwanafunzi lililokushinda kujibu vizuri. Siku ya kuomba chochote, hapo ndipo utakapochota.

Dada aliyeko Michigan: Mwalimu, uzamivu wangu ni wa takwimu, si hisabati safi. Nimo au simo?

Umo, dada yangu. Sayansi za hisabati wanazihesabu kwa upana: takwimu, hisabati tumizi, hata elimu ya hisabati. Ila usijaribu kujifanya mwanahisabati safi kwenye maelezo. Darasa la takwimu lina matatizo yake mazuri ya kuandika, na wenye kuyajua ni wachache kwenye kamati nyingi.

Kaka wa Michenzani, sasa yuko Pennsylvania: Mkuu wangu wa idara kasema ataniandikia barua nzuri, ila kuhusu fedha "tutaona". Nifanyeje?

"Tutaona" huwezi kuibandika kwenye maombi. Rudi kwake kwa upole, umuulize kama anaweza kukuelekeza kwa mkuu wa kitivo au kitengo cha maendeleo ya wahadhiri, maana vyuo vingi fungu hilo halipo idarani. Mpelekee makisio yaliyopunguzwa: kulala wawili chumba kimoja, tiketi ya mapema. Mara nyingi anayesema "tutaona" anaogopa kiasi asichokijua. Akishaiona namba, ataweza kusema ndiyo au hapana.

Mwanachama wa Chake Chake: Kiingereza changu cha kuzungumza si kibaya, lakini cha kuandikia ni kizito. Nitumie programu ya akili bandia iniandikie?

Ikusahihishe vituo na tahajia, sawa. Ikikuandikia, itakurudishia ile aya ya "tangu utotoni nimeipenda hisabati", tena kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Andika kwanza kwa Kiswahili yaliyotokea darasani, kisha uyaweke kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Halafu umsomee mtu kwa sauti. Akikukatiza kuuliza "ehe, ikawaje?", umefika.

Dada wa Mkoani: Samahani mwalimu, hili si la hisabati. Mikutano hiyo ina pahala pa kusalia? Na chakula?

Hakuna cha kuombea samahani. Waandikie waandaaji unapojisajili, ueleze mahitaji yako ya chakula na uulize chumba cha faragha cha kusalia. Mara nyingi fomu ya kujisajili ina sehemu ya mahitaji maalumu, basi usiiache tupu kwa kuona haya. Na ukihudhuria mkutano wa Januari, chukua koti la kweli, si lile la kuvalia kwenye boti ya Pemba.

Kaka wa Tunguu, sasa yuko Marekani: Nikikataliwa naweza kuomba tena mwaka unaofuata?

Kama bado umo ndani ya miaka yako miwili ya mwanzo, omba. Ndiyo maana nawashauri watu waombe mwaka wa kwanza, wasisubiri "kujiandaa". Na barua ya mkuu wa idara iandikwe upya, yenye tarehe mpya na mikutano ya mwaka huo.