SOMO: Kufika Sifnos, kisiwa cha wafinyanzi cha Ugiriki, na kurudi na chungu kizima

Swali hili naulizwa faragha kila wiki, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

1. Viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo). Ombeni mapema.

2. Sifnos haina uwanja wa ndege. Shuka Athens, nenda bandari ya Piraeus, panda feri hadi Kamares, bandari ya Sifnos.

3. Basi la Apollonia, mji mkuu wa kisiwa, linapatikana hapo bandarini Kamares. Ukifika Apollonia, panda la Vathi, kijiji cha ufukweni chenye karakana za ufinyanzi.

4. Jumapili ikukute kisiwani. Jumamosi jioni dengu huingizwa kwenye tanuri la kuni ndani ya skepastaria, chungu chenye mkungu (kifuniko cha udongo), zikaiva usiku kucha. Huliwa watu wakitoka kanisani.

5. Kubeba chungu. Hapa niliharibu. Nilikifunika mkungu wake, nikakizungushia jaketi, nikakitia kwenye sanduku. Kufungua nyumbani, mkungu vipande vitatu na mdomo wa chungu umemeguka, maana udongo ulikuwa ukigongana na udongo njia nzima. MSIKIFUNIKE. Mkungu ufungwe peke yake, tumbo la chungu lijazwe soksi hadi likaze, na mkibebe mkononi ndani ya ndege. Kabla ya kulipa, kigonge kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa sauti yake hufifia.

6. Julai na Agosti upepo wa meltemi huweza kuzuia feri. Acheni siku moja kabla ya ndege ya kurudi.

MASWALI

Juma_84: Ndege ya moja kwa moja hadi Sifnos ni bei gani?

Jibu: Namba 2.

Juma_84: Si nimeuliza tu kaka.

Jibu: Soma kwanza, ndugu yangu. Nimeandika ili msome.

Mama Tunu: Kwetu Pemba wanawake hufinyanga kwa mkono, bila gurudumu. Huko je?

Jibu: Swali zuri sana, mama. Huko ni gurudumu, na kazi imerithiwa zaidi baba kwa mwana. Udongo wao unahimili moto, ndiyo maana sifa yao ni vyungu vya kupikia. Zamani walisafiri kwa mashua wakafinyange visiwa vingine. Ukiwa kijijini inua macho: hata bomba la moshi juu ya paa ni la udongo, wanaliita flaros.

Mama Tunu: Mimi chungu kipya hukichemshia uji kwanza, vitundu vizibe.

Jibu: Hilo shikeni, wanachama.

Juma_84: Kwenye gesi kinafaa?

Jibu: Moto mkali wa ghafla unaweza kukipasua. Changu nakiloweka, nakitia kwenye oveni ikiwa baridi, ndipo nawasha moto mdogo.

Mama Tunu: Basi Jumamosi naloweka dengu.