Fremu kuukuu ya Black Mamba: kuifufua Malindi kwa pesa kidogo

Fremu za Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ni mabomba mazito ya chuma, na chuma kikipinda hunyooka, kikikatika huchomelewa. Pesa ikiwa kidogo, iende kwanza kwenye vinavyozunguka na vinavyosimamisha. Rangi ingoje, hata miezi mitatu.

Kabla ya kumlipa muuza chuma chakavu, ipindue fremu juu chini. Tazama pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani. Rangi iliyofanya mikunjo kama ngozi ya kiwiko maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele, iache. Kisha gonga mabomba yote kwa sarafu, kidogo kidogo. Mlio ukiwa mkali kote, sawa. Ukizima ghafla mahali, kutu imekula kwa ndani. Huanzia zaidi kwenye mabomba mawili membamba ya nyuma, karibu na pedali, kwa sababu maji hujikusanya huko. Baiskeli iliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Ngomeni ikague mara mbili. Na fremu iliyokwanguliwa namba, hata ukipewa bure, itakugharimu.

Unyoofu hupimwa kwa uzi. Ufunge penye ekseli ya nyuma upande mmoja, uupitishe mbele ya bomba la usukani, uurudishe penye ekseli upande wa pili. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 2 au 3 haisumbui. Ikizidi, fundi ainyooshe kwa nguvu za mikono na ubao mrefu, bila moto.

Sasa kufungua, na hapa ndipo watu huharibu. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: hufunguka ukizungusha upande wa saa. Kikombe cha gololi cha ekseli ya pedali, kile cha kulia upande wa mnyororo, nacho kwa kawaida ni hivyo hivyo. Ukikilazimisha kama nati ya kawaida utazidi kukikaza, mwisho utakula nyuzi za fremu, na hilo ndilo duka halikuuzii. Kikombe hicho kikiwa laini hakina haja ya kutoka. Kisafishe hapo hapo kwa kitambaa na mafuta ya taa.

Pini za mikono ya pedali zigongwe kwa mpango. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, usiitoe. Chini ya mkono wa pedali simamisha kipande cha bomba kinachofika sakafuni, kisha piga pigo moja zito juu ya kibao. Bila kitegemeo, gololi ndizo zinazopokea nyundo, na vikombe hutoboka vidoti. Chuma cha tandiko kikikwama ndani ya fremu, mimina dizeli, subiri siku mbili, halafu kizungushe kwa tandiko lenyewe.

Gololi nunua mpya zote. Ukichanganya za zamani na mpya, mpya huwa kubwa kidogo na hubeba mzigo peke yake hadi ipasuke. Kwenye ekseli ya pedali ni za robo inchi, 11 kila upande. Habu ya nyuma ni za robo inchi pia, 9 kila upande. Habu ya mbele hutumia 3/16, kwa kawaida 10 kila upande. Za usukani hutofautiana, kwa hiyo nenda dukani na moja mfukoni. Zipange ndani ya grisi nyingi, uache nafasi ya kama nusu gololi. Zikibanana hazizunguki, husuguana. Kaza mpaka mtikisiko uishe, kisha rudisha kidogo.

Kwenye magurudumu kuna mtego wa namba. Tairi la 28 x 1½ lina kipimo cha 635 ubavuni. Lipo jingine linaloitwa 28 lenye 622, na hilo halikai kwenye rimu yako. Breki za vyuma nazo huvuta mpira upande wa ndani wa rimu, kwa hiyo rimu yoyote haifai: lazima iwe ile ya kingo zilizokunjwa. Rimu kuukuu iliyonyooka ni bora kuliko mpya ya aina nyingine. Spoku za zamani ni 32 mbele na 40 nyuma; hesabu kabla ya kununua habu. Kunyoosha, funga kijiti cha kiberiti kwenye uma kiguse ukingo wa rimu, ukaze nati za spoku nusu mzunguko tu kwa mara moja. Kama utabeba madumu mawili ya lita 20, spoku za nyuma zilizolegea zitaanza kukatika moja moja.

Mnyororo upime. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/8, tupa, maana utamaliza na meno mapya. Ukifungwa uchezee kama sentimita moja katikati. Usiupake mafuta ya nazi: yanaganda na kushika mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta ni msasa.

Vipande vidogo vyenye kutu vilowekwe kwenye siki usiku kucha (tembo la mnazi likichacha ni siki tosha), visuuzwe kwa maji ya magadi, vikaushwe juani, vipakwe mafuta papo hapo. Ukichelewa, kutu hurudi kabla ya adhuhuri. Fremu ipigwe brashi ya waya, msasa, praima, na rangi tabaka mbili nyembamba. Kabla ya kufunga ekseli ya pedali, toboa tundu la milimita 4 chini ya bomba fupi la fremu linaloshika ekseli hiyo, umimine oili ya injini ndani ya mabomba kupitia tundu la kiti, uigeuzegeuze fremu, uiache imwagike. Sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi, nayo hushika chuma, ila harufu yake utalala nayo.

Baada ya safari ya kwanza, tuseme Mambrui na kurudi, kaza tena nati za pini. Pini mpya hulegea siku hiyo hiyo, na ikichezea, mkono wa pedali unakula shimo lake mwenyewe.