Somo: Utando wa seli ukifanya kazi, kwa kitunguu chekundu na chumvi ya jikoni

Wanafunzi wengi huingia kwenye mtihani wakiwa wamekariri sehemu za seli kama majina ya vituo vya daladala: ukuta, utando, saitoplazimu, kiini, vakuoli. Ukimuuliza mmoja wao utando unafanya nini hasa, atakujibu "unaruhusu vitu kuingia na kutoka", kisha ananyamaza. Nataka uuone ukifanya kazi hiyo kwa macho yako, maana ukishauona hutausahau.

Tafuta hadubini ya shule, slaidi, vioo vyembamba vya kufunikia, wembe mpya, kibanio, tishu, matone ya iodini na chumvi. Kitunguu maji kiwe chekundu, kama vile vya Singida au Mang'ola.

Hatua ya 1: Kiini. Kata kitunguu, toa tabaka moja nene. Upande wake wa ndani, uliobonyea, una ngozi laini inayopitisha mwanga. Ibandue kwa kibanio, ikate kipande kidogo kama ukucha, ukitandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi kisijikunje. Ongeza tone la iodini. Shusha kioo cha kufunikia kwa kukiinamisha, upande mmoja utangulie, la sivyo utanasa mapovu ya hewa. Kila mwaka kuna wanaochora mapovu hayo wakidhani ni seli!

Hatua ya 2: Kutazama. Anza na lenzi ya mara 4, hata kama una haraka. Ukishapata picha, nenda ya 10, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 inakuza mara 100. Utaona seli ndefu zilizopangana, na ndani ya nyingi kidoa cha kahawia kilichosukumwa pembeni. Hicho ndicho kiini, kinachotunza DNA. Kilichokisukuma ni vakuoli, mfuko wa maji unaojaza karibu seli nzima.

Hatua ya 3: Chumvi. Usitumie slaidi ya kwanza, kwa sababu iodini imeshaziua seli zile, na utando uliokufa hauchagui tena cha kupitisha. Chukua tabaka lingine, safari hii upande wa nje wenye zambarau. Chora mraba mdogo kwa wembe bila kuzamisha, kisha ubandue ngozi yake. Weka kwenye maji matupu, funika, tazama. Rangi imejaa seli hadi ukutani; iko ndani ya vakuoli.

Koroga kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu glasi ya maji. Dondosha tone ukingoni mwa kioo, na upande wa pili gusisha tishu ili ivute maji ya chumvi yapite chini. Sasa usiondoe jicho. Zambarau huanza kuachana na ukuta kwenye pembe za seli, kisha hujikusanya katikati ikizidi kukoza, huku ukuta umebaki pale pale. Maji yanatoka kupitia utando kufuata chumvi nje, lakini rangi haitoki. Ukuta wa selulosi unapitisha vyote viwili. Anayechagua ni utando. Ukipitisha maji matupu mapema, seli nyingi hujaa tena.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Iodini yangu ilibaki njano-kahawia, haikuwa bluu-nyeusi kama kwenye kiazi. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea. Iodini huwa bluu-nyeusi ikikutana na wanga, na kitunguu huweka akiba yake kwa njia ya sukari, si wanga. Kwangua kiazi mviringo uweke iodini, utaiona bluu-nyeusi yako.

*Mbona sikuona kloroplasti wala mitokondria?*

Matabaka ya kitunguu ni majani yaliyokua bila kazi ya kunasa mwanga, kwa hiyo hayana kloroplasti za kijani. Mitokondria zimo, na ndizo zinazoipatia seli sehemu kubwa ya nishati yake, ila ni ndogo mno na hazina rangi. Usizichore kwenye mchoro wa ulichokiona.

*Seli za damu nazo zingenywea?*

Ndiyo, kwenye chumvi kali. Na kwenye maji matupu zingevimba hadi kupasuka, kwa sababu hazina ukuta wa kuzizuia. Ndiyo maana dripu ya chumvi hutengenezwa kwa gramu 9 za chumvi kwa lita moja: maji hayaingii wala kutoka kupita kiasi.

*Kama chumvi inanyonya maji ya seli, mbona mtu anayeharisha anapewa ORS yenye chumvi?*

Swali zuri sana. Kwanza, chumvi yake ni kidogo, gramu 2.6 kwa lita. Pili, ina glukosi. Kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mgonjwa akiwa na kipindupindu. Kwa hiyo changanya pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukipunguza maji, mchanganyiko unakuwa mkali na unaweza kumzidishia mgonjwa kuharisha.