Udongo wa kitunguu huandaliwa mvua ikiwa bado inanyesha

Huku kwetu kitunguu kinahamishwa kutoka kitaluni mwanzoni mwa Juni, mvua zikishakata na kusi likishaanza kuvuma. Udongo wake lakini naanza kuuhangaikia tangu Januari. Wengi hunijia mwishoni mwa Mei, miche imeshasimama kitaluni, wakiniuliza, "Dada, niweke mbolea gani?" Huwa nawaonea huruma, maana muda huo kazi kubwa ilishapaswa kuwa imekwisha.

Na usifuate kalenda ya watu wa kaskazini wenye vuli na masika. Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Ukipanda mvua ikiwa kali, kitunguu kinaoza. Ukisubiri hadi Agosti, kitakomaa mvua mpya zikigonga mlango. Kipupwe ndicho chake.

Bustani yangu ni robo eka, bonde la mto Lukuledi, upande wa Mtama. Juu ni kichanga chekundu, chini karibu na mto ni mfinyanzi. Mwaka wa kwanza sikulima huko. Nililima chini ya mikorosho ya marehemu baba, kwa kuwa palikuwa pameshafyekwa. Miche ilishika vizuri, kisha ikadumaa. Wiki ya tano majani yalikuwa bado membamba kama sindano, ncha zimekuwa njano. Nikatia mbolea ya urea, hali ikazidi kuwa mbaya. Shangazi yangu alipopita nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Hapa umepanda vitunguu au umepanda nyasi?"

Bwana shamba alipoupima udongo alikuta pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikishuka, uchachu unapanda), ni 4.8. Kitunguu kinataka kati ya 6 na 7. Sababu tulikuwa nayo kila mwaka mikononi: salfa ya unga tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Inayodondoka chini hugeuzwa na vijidudu vya udongoni kuwa tindikali, na miaka ikipita udongo unachachuka. Mkorosho unavumilia, kitunguu hakivumilii. Ndiyo maana namsihi kila mtu wa huku: usipande kitunguu chini ya mikorosho au pale ilipong'olewa jana, hata kama pamelala vizuri kiasi gani. Kivuli chenyewe pia hakikifai.

Ukishapata eneo la wazi, mwishoni mwa Februari mwaga kunde, ziwe nene. Usizingoje zizae. Zikianza tu kutoa maua, katikati ya Aprili, zifyeke, zikatekate kwa panga na uzifukie zikiwa mbichi, udongo ukiwa bado na unyevu. Kunde huvuta naitrojeni kutoka hewani, na mashina yake yakioza yanakipa kichanga kitu cha kushikia maji. Zinahitaji wiki tano hivi kuoza kabla ya miche kuingia. Siku hiyohiyo ya kuzifukia ndiyo ninayomwaga mbegu kitaluni, kwa hiyo miche ikifikisha wiki sita au saba, udongo nao uko tayari.

Sasa samadi, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Ninatumia ya mbuzi, na ya kuku nikipata. Mbichi haiingii shambani kwangu hata kwa bahati mbaya. Inaita mchwa na funza, inaleta mbegu za magugu, tena inakitia kitunguu majani mengi na shingo nene isiyokauka. Naikusanya Januari, naichanganya na majani ya karanga na pumba za mpunga, naiweka chini ya mwembe na kuifunika kwa makuti ili mvua isiioshe utamu wote. Kila baada ya wiki mbili au tatu naigeuza.

Namna ya kujua imeiva: chomeka panga katikati ya rundo, liache kwa muda wa kuchemsha chai, kisha lichomoe na ushike bapa lake. Likiwa na joto, subiri. Likiwa baridi, chota konzi moja na uifinye. Iliyoiva inashikana kama ugali wa mtama, ukiigusa kwa kidole inamumunyuka, haichafui mkono kwa utelezi. Ukiinusa inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukiona bado vile vidonge vya mbuzi vizimavizima, irudishe chini ya makuti.

Tuta langu ni upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Kwa tuta hilo natia madebe matatu ya samadi kwenye kichanga, mawili kwenye mfinyanzi, wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Usiizike chini sana. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi haipiti sentimita 30, kwa hiyo changanya na udongo wa juu, jembe lishuke nusu tu ya bapa lake. Ukikutana na ndago, okota viazi vyake kimoja kimoja. Ukivikata kwa jembe umevizidisha.

Kwenye mfinyanzi nainua tuta ili maji yasituame. Kwenye kichanga nafanya kinyume, nachimba jaruba lililozama kidogo chini ya njia, maji yakae pale nilipoyamwaga. Kipupwe cha huku upepo unakausha kuliko unavyodhani.

Mbolea ya kupandia ni TSP, ile ya fosfeti, gramu 125 kwa tuta, sawa na mfuko wa kilo 50 kwa eka. Nilipima mara moja kwenye mizani ya dukani, nikaitia kwenye kopo na kuchora alama kwa msumari. Tangu hapo napima kwa kopo. Naichanganya na udongo siku ya kuhamisha miche. Majivu ya jikoni yanafaa pale udongo ulipochachuka kidogo, lita 2 kwa tuta, lakini yatangulie mapema, mwezi mzima kabla. Ukiyachanganya na samadi au urea, ile harufu kali inayokupanda puani ni naitrojeni yako inakwenda hewani.

Kukuzia natumia CAN, mbolea ya naitrojeni yenye chokaa. Kichanga hakihifadhi kitu, ukimwaga yote kwa mkupuo maji yanaishusha kusikofikiwa na mizizi. Nagawa mara tatu: wiki ya pili baada ya kuhamisha, ya nne na ya sita, gramu 80 kwa tuta kila mara. Inapita katikati ya mistari, isiguse majani, na kumwagilia papo hapo. SA (salfeti ya amonia) siitumii, inaongeza uchachu ambao tayari tunapambana nao.

Baada ya wiki ya sita naficha mfuko. Kitunguu kikianza kuvimba chini, naitrojeni zaidi inakirudisha kwenye majani, na kitaingia ghalani na shingo mbichi kinuke ndani ya mwezi. Majirani huniona mchoyo, majani yangu yakipoteza ule ukijani mzito mwezi wa Agosti. Mimi huwa nainama, nabana shingo kwa vidole viwili. Ikianza kulegea, napunguza maji.

Septemba nikishang'oa, tuta lile halioni kitunguu tena kwa misimu mitatu. Linapata karanga, kisha mahindi, na majani ya karanga yanarudi chini ya mwembe.