Jinsi ya kuomba kibali cha kupeleka wanafunzi wa Baiolojia Hifadhi ya Bahari, Msimbati, Mtwara

Mwalimu, kabla hujaandika barua yoyote, tazama mwezi. Ziara ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma inafaa maji yakiwa yamepwa, na kwenye pwani yetu siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa asubuhi, yapata saa nne. Hapo mwanafunzi anaona mizizi ya mchu, aina ya mti wa mikoko, imechomoza topeni kama penseli, na mche wa mkoko ulioota ungali mtini. Hilo ubaoni halichoreki likaeleweka. Ukiomba siku ya maji mafu, yasiyopwa sana, bahari itakuwa imefunika mengi uliyotaka wayaone.

Tarehe ikishapatikana, weka na ya akiba. Bamvua hurudi baada ya wiki mbili hivi.

Barua ya kwanza aiandike mkuu wa shule kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Afisa Elimu Sekondari akiwa mshughulikiaji. Ambatisha orodha ya wanafunzi na kidato chao, walimu watakaoongozana nao, usafiri na saa ya kurudi. Safari irudi kabla ya giza.

Ya pili iende kwa Mhifadhi Mfawidhi, msimamizi wa hifadhi. Hapa usiandike "ziara ya mafunzo" ukaishia hapo. Taja mada, idadi ya wanafunzi, saa mtakazokaa, na omba mhifadhi wa kuwaongoza. Eleza wazi kwamba mtatazama, mtachora na kupiga picha tu. Eneo hili la kilomita za mraba 650 linalindwa tangu mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, kwa hiyo jongoo bahari na makombe hayaingii mfukoni hata kwa ajili ya maabara. Ulizia ada ya wanafunzi humo humo, ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti uitunze.

Fomu za wazazi ndizo naziona muhimu kuliko zote. Ziulize kama mtoto ana pumu au kifafa, na kama anajua kuogelea. Mzazi asaini, aandike namba ya simu inayopatikana.

Majibu yakichelewa, nenda ofisini mwenyewe na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Siku ya safari beba vibali vyote viwili mkononi, usiviache kwa dereva.