Projekta kwenye chumba cha futi 10 kwa 12: anza na ukuta, si na boksi

Projekta ikinunuliwa kabla chumba hakijapimwa, kinachofuata ni kuhamisha makochi kila jioni. Fuata mpangilio huu: pima chumba, chumba kikupe ukubwa wa skrini, skrini ikuambie projekta ipi. Tuchukue sebule ya futi 10 kwa 12, yaani kama mita 3 kwa 3.6, kipimo unachoweza kukikuta kwenye nyumba za kupanga za Arusha na Moshi. Ikiwa skrini inakaa kwenye ukuta mfupi, chumba hicho kinataka inchi 80 hadi 90. Boksi likiandika kwamba projekta inafika inchi 200, hiyo haikuhusu.

Pima kwanza kutoka ukuta wa skrini hadi macho ya mtu aliyekaa. Kochi likiegemea ukuta wa nyuma, macho huwa kwenye mita 2.9 hivi. Gawanya kwa 1.6 upate ukubwa wa kutazama bila kukaza macho, ambao ni mita 1.81, kama inchi 71 za kona hadi kona. Gawanya kwa 1.2 upate kikomo cha juu: mita 2.42, inchi 95. Ukizidi hapo, unaangalia mpira huku shingo ikigeuka kutoka goli hadi goli. Inchi 80 ni sentimita 177 kwa 100, na inchi 90 ni 199 kwa 112. Bandika masking tepu ukutani kwa vipimo hivyo, kaa kwenye kochi, uangalie kwa dakika kadhaa. Ukingo wa chini uwe sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni, ili macho yaangukie theluthi ya chini ya picha. Skrini iliyopandishwa hadi juu karibu na siling huchosha shingo ndani ya nusu saa.

Sasa umbali wa projekta, na hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta namba iliyoandikwa kama 1.2:1 au 1.5:1. Maana yake: umbali kutoka lenzi hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Kwa inchi 80, yenye 1.2 inakaa sentimita 212 kutoka ukutani, yenye 1.5 inakaa 266, yenye 1.8 inakaa 319. Chumba chetu kina sentimita 360, lakini toa 25 hadi 30 za mwili wa projekta na 10 hadi 15 za waya na hewa. Lenzi inabaki kwenye 320 hivi. Kwa hiyo ukitaka kuiweka kwenye shelfu juu ya kochi, tafuta ya 1.6 hadi 1.8, au yenye zumu ya lenzi (lenzi inayokuza na kupunguza picha yenyewe) inayopita kwenye namba hizo. Ile ya 1.2 isiyo na zumu utalazimika kuitundika darini katikati ya chumba, au kuiweka kwenye stuli ambapo kila anayekwenda jikoni anakata picha. Kupunguza picha kwa menyu si sawa na zumu ya lenzi: menyu inaacha sehemu ya pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, bila kazi. Kistoni, yaani kunyoosha kwa menyu picha iliyopinda, nayo hivyo hivyo. Iweke projekta sawasawa, ikitazama ukuta bila kuinama wala kukaa upande, uitumie kistoni kwa marekebisho madogo tu.

Kwenye mwanga, ambao hupimwa kwa lumeni, usiamini "lumeni 9,000" bila neno ANSI au ISO (viwango rasmi vya upimaji) pembeni yake. Angalia wati: projekta ya LED inayokula wati 60 hutoa lumeni mia chache tu, hata boksi liseme nini. Hilo si lazima liwe baya. Skrini ya inchi 80 ina eneo la mita za mraba 1.77, na kwenye giza la kweli lumeni 300 za ANSI zinaitosha. Ukitaka kuacha taa ndogo ya pembeni, anzia 1,000. Taa ya siling ikiwaka, au mchana wenye pazia jepesi, unahitaji 2,500 au zaidi, na bado picha itapauka. Projekta haiwezi kurusha weusi: rangi nyeusi kabisa utakayoipata ni ule ukuta wenyewe unavyoonekana projekta ikiwa imezimwa. Pazia zito la dirisha mara nyingi linasaidia kuliko lumeni za ziada, na bei yake ni ndogo.

"Inasapoti 1080p" ina maana inapokea tu. Ulizia pikseli zake halisi. Yenye 800 kwa 480 kwenye inchi 80 inatoa vitone vya milimita 2.2, na kutoka mita 3 utaviona kwenye kila herufi. Yenye 1920 kwa 1080 inatoa vya chini ya milimita 1. 4K, yenye pikseli mara nne ya hizo, katika chumba hiki ni kulipia kitu ambacho macho ya wengi hayataona.

Dukani, omba warushe ukurasa wenye maandishi madogo, uangalie kona zote nne. Katikati pakiwa safi na kona zikawa na ukungu, ukiizungusha fokasi tatizo litahama tu.

Ukuta wenyewe ukipigwa skimu vizuri na rangi nyeupe isiyong'aa unatosha. Rangi ya kung'aa inaacha doa la mwanga katikati, na lipu yenye mawimbi inapinda mistari ya uwanja.

Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miongozo mingi inataka hali ya mwinuko iwashwe kuanzia mita 1,500. Ukiishi kwenye miteremko ya Meru, au juu ya Moshi kuelekea Kibosho na Marangu, angalia mwinuko wako kwenye simu kisha uitafute hali hiyo kwenye menyu ya projekta. Hewa nyepesi haipoozi vya kutosha, hivyo feni itazunguka kwa kasi na kelele itaongezeka. Usiizime kwa sababu hiyo, kwani joto litakula taa.

Projekta ya taa ya kawaida, isiyo ya LED wala leza, iwekee UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika feni inasimama taa ikiwa bado na moto mkali. UPS ya VA 650 hubeba wati kama 360, na projekta ya wati 250 inapata muda wa kuzimwa kwa utaratibu na kupoa. Ukiitundika darini, skrubu ziingie kwenye mbao za siling, si kwenye jipsamu peke yake, na ukumbuke kugeuza picha kwenye menyu. Miezi ya vumbi, toa chujio kila mwezi ulipige brashi kavu. Chujio lisiloweza kutolewa lipitishie vakyumu kutoka nje, projekta ikiwa imechomolewa kwenye soketi.