Umepitiliza viza ya utalii Thailand? Ondoka mwenyewe kabla hujakamatwa

Wiki hii watu watatu wamenifuata faragha na swali moja: wapo Bangkok, viza imeisha, wafanyeje? Wote wananong'ona, utadhani wameua mtu. Basi naandika hapa mara moja, tusome wote. Mimi si mwanasheria. Naenda Bangkok kununua nguo kwenye masoko ya Pratunam na Bobae, nauza Kariakoo, na mwenyewe nimeshapitiliza, siku mbili. Nitawasimulia.

Hata kama utaishia kusoma hapa, shika hili. Sheria ya Thailand inamtenga kabisa mtu aliyejipeleka mwenyewe na yule aliyekamatwa. Chukua watu wawili waliopitiliza siku 80. Wa kwanza anakwenda uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi na tiketi yake, analipa baht 20,000, anapanda ndege, na hawekewi marufuku ya kurudi. Wa pili anadakwa kwenye kizuizi cha polisi siku moja kabla ya safari yake: marufuku ya miaka 5, na uwanjani atafikishwa kutoka mahabusu. Siku ni zilezile 80. Hatua zote hapa chini ni za kukufikisha kwenye kaunta ya uwanjani kwa miguu yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma muhuri, achana na viza

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Karatasi ya viza ina tarehe yake, lakini hiyo inakuambia mwisho wa kuitumia viza kuingia nchini. Siku ulizopewa kukaa zimo kwenye muhuri uliogongewa siku ya kufika. Fungua pasipoti, tafuta muhuri wa kuingia, chini yake pameandikwa "Admitted until" na tarehe, yaani umeruhusiwa hadi siku hiyo. Mihuri mingine wino wake ni hafifu na imepandiana na ya safari za nyuma, kwa hiyo piga picha kwa simu uikuze. Tarehe hiyo ndiyo bosi wako.

Na siku 60 si miezi miwili. Mimi niliingia tarehe 3 Machi, nikajihesabia miezi miwili, nikakata tiketi ya mchana wa tarehe 3 Mei. Kiwanda kidogo kilichokuwa kinanishonea magauni kilichelewa, nikawa natulia tu, nasema muda ninao. Kumbe siku ya kufika nayo inahesabiwa, na Machi ina siku 31. Siku yangu ya 60 ilikuwa tarehe 1 Mei. Nilikuja kugundua uwanjani, afisa alipogeuza pasipoti upande wangu na kuweka kidole juu ya ile tarehe, bila kusema neno.

Jambo jingine ni ndege za usiku. Ndege nyingi za kurudi Afrika huondoka Bangkok saa saba, saa nane usiku. Kwetu pwani siku mpya inaingia magharibi. Kwa uhamiaji inaingia saa sita ya usiku kamili. Tiketi ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 2 ni tiketi ya tarehe 2. Ukipitiliza kwa saa chache za namna hiyo, desturi ya uwanjani ni kukupitisha bila faini. Ila hiyo ni desturi tu, huwezi kuidai, kwa hiyo usipangie safari juu yake.

Hatua ya 2: Kama muhuri bado haujaisha, ongeza siku

Ukiwa na viza ya utalii ya siku 60, unaweza kuomba siku 30 zaidi kwa baht 1,900. Fomu inaitwa TM.7. Kwa Bangkok, ofisi kubwa ya uhamiaji iko Chaeng Watthana, kwenye majengo ya serikali. Beba pasipoti, picha, nakala za kurasa za pasipoti, na uhakikishe mwenye nyumba au hoteli ameripoti kwamba unakaa kwake (hiyo ni TM.30, ni kazi yake, lakini isipofanyika anayerudishwa dirishani ni wewe). Nenda wiki moja kabla. Ukisubiri siku ya mwisho, utakuta ni sikukuu ya kwao.

Ukishapitiliza, usitegemee tena mlango huu. Nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya faini na ya marufuku

Faini ni baht 500 kwa siku, na haizidi 20,000. Maana yake siku ya 40 umefika kileleni. Hapo ndipo watu hujidanganya: "si imeshafika mwisho, hata nikikaa mwaka nalipa ileile." Faini husimama, lakini marufuku inaendelea kupanda. Kwa utaratibu ulioanza tarehe 20 Machi 2016, mtu anayejipeleka mwenyewe akiwa amepitiliza zaidi ya siku 90 anafungiwa mwaka 1. Zaidi ya mwaka, miaka 3. Zaidi ya miaka mitatu, miaka 5. Zaidi ya miaka mitano, miaka 10. Aliyekamatwa akiwa amepitiliza chini ya mwaka anafungiwa miaka 5, hata kama zilikuwa siku chache. Zaidi ya mwaka, miaka 10.

Kwa hiyo kama uko siku ya 70 au 80, acha kusoma, kata tiketi. Kuna watu wameivuka siku ya 90 wakisubiri bei ya ndege ishuke.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kutoka

Pita uwanja wa ndege. Utasikia ushauri wa kupanda basi hadi mpaka wa Laos kwa sababu ni nafuu. Kwa mwenye pasipoti safi, sawa. Kwa aliyepitiliza, zile barabara za mipakani zina vizuizi, polisi wanapanda basi na kuuliza pasipoti kiti kwa kiti. Ukikutwa hapo, kusema "nilikuwa nakwenda kulipa" hakukusaidii. Umekamatwa.

Siku za kusubiri safari kaa kimya. Usibadilishe hoteli ovyo, maana kila hoteli inaripoti wageni wake. Usitoke usiku kutafuta muziki mitaa ya Nana. Na vishoka wanaokuambia wana mtu ndani, nipe elfu kumi nikusafishie muhuri, wakimbie. Muhuri wa kughushi ni kosa la jinai, na hapo unakuwa umehama kabisa kutoka kwenye faini kwenda jela.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fika muda wa saa nne kabla ya ndege kuondoka. Beba baht taslimu za faini yote, tena kamili. Mimi nilikuwa na dola na shilingi. Nikatumwa kubadilisha, nikarudi jasho linanitoka, foleni imerefuka. Ukiwa bado hujapita ukaguzi, teremka ghorofa ya chini kabisa ya Suvarnabhumi, kule kwenye treni, wabadilisha fedha wa pale wana bei nzuri kuliko wa juu.

Kabidhi mizigo, pokea pasi ya kupandia ndege, nenda kwenye ukaguzi wa pasipoti, useme mwenyewe kwamba umepitiliza. Utapelekwa kwenye dawati la pembeni. Wanahesabu siku, wanajaza karatasi, unasaini, unalipa, unapewa risiti, pasipoti inagongwa muhuri unaoeleza ulichofanya. Mimi nililipa baht 1,000, dakika kama arobaini, hakuna aliyenigombeza. Itunze risiti. Usimpe mtu yeyote pesa nje ya dawati hilo.

Ukikamatwa kabla hujafika

Usikimbie, usitoe pesa chini ya meza, usisaini karatasi ya Kithai usiyoielewa bila mkalimani. Kisheria adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 2 au faini ya baht 20,000 au vyote. Kwa kawaida unapelekwa kituoni, mahakamani, faini, kisha mahabusu ya uhamiaji ya Suan Phlu, Bangkok. Hapo unakaa mpaka pasipoti na tiketi vipatikane, na tiketi ni juu yako. Asiye na ndugu wa kumtumia nauli ndiye anayesota. Omba ubalozi ujulishwe. Wakenya wana ubalozi wao hapohapo Bangkok.

Maswali ya wanachama

Dada, shikamoo. Mimi niko siku ya 12 nimepitiliza, sina hela ya faini, ila tiketi ya kurudi ninayo. Nikifika uwanjani wataniachia?

Marahaba mdogo wangu. Hawakuachii. Siku 12 ni baht 6,000. Asiyeweza kulipa huzuiwa, ndege ikamwacha, na mambo yakawa makubwa kuliko hiyo faini. Piga simu nyumbani leo, watume kwa huduma ya kutuma pesa, uzishike mkononi kabla ya kuondoka hotelini. Kila unapolala, 500 nyingine.

Nina viza ya kuingia mara moja, siku zinakwisha wiki ijayo. Jamaa kaniambia nivuke Laos nirudi, napata siku mpya. Kweli?

Jamaa yako pengine ana pasipoti ya nchi isiyohitaji viza. Sisi Watanzania tunahitaji. Viza ya mara moja ukitoka imekufa, na hata siku ulizobakiza zinakufa nayo, labda uwe umechukua kwanza kibali cha kurudi, fomu TM.8, baht 1,000. Na kibali hicho hakiongezi siku, kinazihifadhi tu zile ulizonazo. Wewe unahitaji TM.7. Nenda Chaeng Watthana Jumatatu asubuhi.

Nilikuwa nasafiri na mwanangu wa miaka 9, wote tumepitiliza siku 5. Nalipa mara mbili?

Mtoto chini ya miaka 15 hatozwi faini uwanjani. Unalipa yako, 2,500.

Mama yangu alikuja kutibiwa, kalazwa, viza inaisha Alhamisi. Hawezi hata kukaa.

Pole sana, Mungu ampe nafuu. Ugonjwa ni sababu inayokubalika ya kuomba muda, lakini ombi liingie kabla ya Alhamisi. Nenda leo kwenye ofisi ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali yenyewe. Hospitali kubwa za Bangkok zinazopokea wageni zinayo, na wamezoea kuandika barua ya daktari kwenda uhamiaji. Waulize kama wanaweza kukusaidia kuifikisha. Usiseme nitaeleza uwanjani. Uwanjani barua ya daktari haifuti siku.

Nimeibiwa pasipoti, na muhuri wenyewe umeisha juzi. Nafanyaje, nikienda polisi si ndiyo najikamatisha?

Hili gumu kidogo. Anza na ubalozi wako kabla ya polisi, uwaeleze yote, pamoja na kwamba umepitiliza. Utahitaji ripoti ya polisi ya upotevu na hati ya dharura ya kusafiria, na rekodi yako ya kuingia itatafutwa uhamiaji. Ukienda na barua ya ubalozi na tiketi mkononi, unaonekana mtu anayeondoka. Ukienda mikono mitupu, unaonekana tofauti. Kama una picha ya muhuri kwenye simu, waonyeshe. Ndiyo maana nilisema piga picha.

Ule muhuri wa kupitiliza utaniharibia viza ya Ulaya?

Wangu haujaniharibia, ila nilikuwa na siku mbili tu. Fomu nyingi za viza zinauliza kama umewahi kupitiliza au kufukuzwa nchi yoyote. Andika ukweli, ambatisha nakala ya risiti, eleza kwa mistari mitatu. Wakikukuta umeficha, hapo kosa si siku mbili tena, ni uongo.

Kaka yangu aliambiwa kazi ya kompyuta Bangkok, alipofika akapelekwa Mae Sot, akavushwa mto hadi Myanmar. Ametoroka, amerudi upande wa Thailand, hana muhuri na siku zimeshapita. Alipe faini aje nyumbani?

Ndugu yangu, hili si somo la faini, usilifuate hata kidogo. Wakenya na Waganda wengi wamepitia hukohuko Myawaddy, mji wa Myanmar ng'ambo ya mto kutoka Mae Sot. Thailand ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na mtu anayethibitishwa kuwa mwathirika hashtakiwi kwa kuingia au kukaa bila kibali. Lakini lazima aseme, na ahojiwe kama mwathirika. Akinyamaza akajiita mtalii aliyepitiliza, atahesabiwa hivyo. Aombe ubalozi na aseme neno hilo waziwazi: nilidanganywa kazi, nilivushwa kwa nguvu. Atunze ujumbe wote wa simu wa aliyemwita kazini. Niandikie faragha sasa hivi, usingoje kesho.